Gamba la chaza kwenye shingo ya gitaa

Swali: Mimi ni seremala wa Tanga, nimeanza kuunda magitaa. Nimeokota magamba ufukweni, gunia zima, nikitaka kutia njumu kwenye shingo na kuzunguka tundu la sauti. Nikiyakata kwa grenda yanapasuka, yananuka kama nywele zinazoungua, na yale yanayosalimika hayang'ai, yamefifia kama chokaa. Je, kosa ni la gamba au ni langu? Na magamba mazuri nitayapata wapi bila kuagiza ng'ambo?

Jibu: Fundi mwenzangu, kosa ni la wote wawili, ila gamba ndilo lililotangulia. Kwa maelezo yako, sidhani kama ndani ya gunia hilo kuna mengi ya kufaa gitaa. Hata ungekuwa na mkono wa sonara, ungeishia na chokaa ile ile. Kwa hiyo nitaanza na gamba lenyewe na nitakaa hapo kidogo, maana wengi wetu huipita sehemu hii mbio tukakimbilia msumeno. Mimi nimetengeneza nyudi (ala za udi za taarabu) na magitaa miaka mingi hapa Unguja, na vipande nilivyoharibu kwa kutolijua gamba ni vingi kuliko nilivyoharibu kwa mkono mbaya.

Chukua gamba moja la chaza wa lulu, ulivunje, kisha utazame ukingo pale lilipovunjika. Upande wa nje utaona ganda gumu la rangi ya matope, lenye magamba madogo na uchafu wa bahari. Hilo ni la kutupa. Chini yake ndiyo sadafu, na sadafu si kitu kimoja kama jiwe. Ni vijibamba vya aragoniti, ambayo ni aina ya kalisi kaboneti, maada ile ile ya chokaa ya mawe. Kila kijibamba kina unene wa karibu nusu ya maikroni. Vipange elfu mbili, kimoja juu ya kingine, ndipo upate milimita moja. Katikati yake kuna utando mwembamba wa protini unaovishikanisha. Mwanga ukipiga hapo, sehemu yake hurudi kutoka tabaka la juu na sehemu nyingine kutoka matabaka ya chini, na miale hiyo ikikutana inazaa zile rangi zinazohama ukigeuza mkono. Hakuna rangi iliyopakwa humo. Ni mpangilio wa matabaka tu.

Sasa rudi kwenye malalamiko yako matatu. Harufu ya nywele zinazoungua ni ile protini inayoungua kwa joto la grenda. Nyufa zinatokana na joto hilo hilo pamoja na mtikisiko, kwa sababu utando ukishaungua matabaka hayana tena cha kuyashika. Na weupe wa chokaa unatokana na jua na chumvi: gamba lililolala ufukweni muda mrefu limepoteza utando wake kabla hujaligusa, na vijibamba vimeachana. Hilo huwezi kulirudishia nuru kwa msasa wala kwa vanishi. Yapime mwenyewe kabla hujayatupa. Lowesha gamba maji. Liking'aa likiwa bichi na kufifia likikauka, sugua nusu milimita upande wa ndani uone. Kama chini yake pia ni unga, liache.

Jambo jingine, si kila gamba linalong'aa lina sadafu. Kauri ina mng'aro wa kigae na ukiikata ndani utakuta weupe mtupu, na makome mengi makubwa wanayouziwa watalii ni hivyo hivyo. Ni mazuri kwa kazi nyingine, lakini hayana zile rangi zinazocheza.

Gamba la kutafuta katika bahari yetu ni la chaza wa lulu mwenye mdomo mweusi, ambaye wanasayansi humwita Pinctada margaritifera. Ni la duara, mara nyingi upana wa kiganja kilichokunjuliwa au zaidi. Katikati lina fedha safi, na likielekea ukingoni linaingia moshi, kijani na zambarau. Likikaa juu ya mpingo, ule ukingo wa moshi unapendeza kuliko weupe wa dukani, na nasema hivyo baada ya kuvitumia vyote viwili. Yupo pia chaza mwenye umbo la bawa, Pteria penguin, ambaye sadafu yake ina wekundu wa shaba, ila gamba lake ni jembamba na limepinda, kwa hiyo litakupa vipande vidogo.

Pengine umeona magitaa ya Marekani yenye ukanda wa rangi za tausi kuzunguka mwili wote, kama ile D-45 ya kampuni ya Martin ambayo ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1933 kwa ajili ya mwimbaji Gene Autry. Hilo si gamba la chaza. Ni la abaloni, konokono wa bahari ya California na New Zealand, na wakubwa wa namna ile hawapo kwetu. Zile sahani kubwa nyeupe za sadafu zisizo na doa hutoka kwa chaza aitwaye Pinctada maxima wa Australia, Indonesia na Ufilipino, anayeweza kufika upana wa sentimita 30. Ukipata mteja anayetaka ua moja jeupe lenye upana wa kichwa kizima cha gitaa, agiza hilo wala usijisumbue. Kwa alama za shingo, duara la tundu la sauti na jina lako kichwani, bahari yetu inatosha kabisa.

Kuhusu mahali pa kuyapata, ninalo ombi zito. Usimuue chaza kwa ajili ya gamba. Siku za bamvua, maji yakipwa sana, kina mama wa vijiji vya pwani huteremka kuokota kitoweo: kombe, chaza na pweza wakibahatika. Nyama inaliwa na gamba linatupwa nyuma ya nyumba. Rundo hilo ndilo duka lako. Nenda na gamba moja la mfano, wasalimie wenyeji, waeleze unachotafuta, na ulipe bei ya haki kwa gamba ambalo jana lilikuwa takataka. Waombe waliweke kivulini badala ya kulianika. Ukifanya hivyo mara mbili tatu utakuwa na watu wanaokuchagulia vizuri kuliko wewe mwenyewe, kwa sababu mikono yao imeyashika magamba hayo tangu utotoni.

Huku kwetu, vijiji vya Bweleo, Nyamanzi na Fumba, kwenye ghuba ya Menai, kina mama wamefuga chaza wa lulu kwa kusaidiwa na wanasayansi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, wakapata lulu nusu, zile zinazoota zikiwa zimegandama kwenye gamba, na wakajifunza kutengeneza mapambo ya magamba. Ukifika Unguja, pita huko. Hata kama hutanunua kitu, utawaona watu wanaolichonga na kulisugua gamba kwa subira, na macho yako yatajifunza zaidi ya ninavyoweza kukuandikia.

Kwa upande wako wa Tanga, kumbuka kwamba pwani ya kusini mwa jiji kuelekea Pangani iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009. Usitoe chochote humo kabla ya kuuliza ofisi ya hifadhi. Popote pengine, muulize ofisa uvuvi kama kukusanya na kuuza magamba kunahitaji kibali. Kuna vitu vingine usivipokee hata ukipewa bure. Gamba la ng'amba, lile la njano na hudhurungi ambalo mafundi wa zamani walilipenda, ni la kasa aliye hatarini kutoweka na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Pembe ya ndovu ni vivyo hivyo. Kombe wakubwa wa jamii ya Tridacna na wale nautila wenye vyumba ndani wamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo havitoki nchini bila kibali.

Ukishayapata, chagua. Pima uzito mkononi: gamba zuri ni zito kuliko unavyotarajia. Ligonge kwa ukucha au kwa sarafu. Zima lina sauti kali kama ya kigae kizima, lenye ufa lina sauti iliyokufa. Kisha liinue mbele ya tochi na utazame upande wa ndani. Vijitundu na njia nyeusi zinazopita kama mashimo ya bungua kwenye mbao ni kazi ya sponji na minyoo wanaotoboa gamba wakati chaza yu hai. Sadafu katikati ya njia hizo inaweza kuwa safi, lakini usikate alama kubwa hapo. Mwisho tazama karibu na bawaba, pale magamba mawili yanapoungana. Hapo ndipo penye unene mkubwa na ubapa, na ndipo ninapokata vipande vya thamani. Ukingoni pana rangi nzuri lakini ni pembamba.

Kusafisha hakuna siri, ila kuna makosa mawili. La kwanza ni kuchemsha. Nililifanya nilipokuwa kijana, nikachemsha ndoo nzima ili nyama ibanduke haraka, na asubuhi nikakuta nyufa kama za sahani ya zamani. La pili ni siki au ndimu. Asidi inakula kaboneti, na gamba linalotoa mapovu ni sadafu yako inayeyuka. Tumia maji ya kawaida, brashi ngumu na sabuni. Kama harufu haitoki, lilaze saa chache katika maji yenye jiki kidogo sana, usilisahau humo, kisha suuza na ulikaushe kivulini.

Sasa tuje kwenye kukata, na kabla ya chombo chochote tuzungumze juu ya vumbi. Kuna wanaosema vumbi la abaloni ni sumu na la chaza halina neno. Usiwasikilize. Vumbi la gamba lolote ni laini mno, linaingia ndani kabisa ya mapafu, na lina ile protini ambayo mwili unaweza kuikataa. Katika karne ya 19 madaktari wa Vienna walieleza ugonjwa wa mifupa iliyovimba kwa vijana waliokuwa wakichonga vifungo vya sadafu. Kwa hiyo kila hatua ya mashine ifanyike kwa maji, na kila hatua ya mkono uvae barakoa ya kuzuia vumbi laini, si kitambaa. Ukimaliza, futa meza kwa tambara bichi, usifagie.

Grenda yako iweke kando. Kinachofaa ni ile mashine ndogo ya kukatia vigae, yenye diski ya almasi inayopita ndani ya maji. Iunge kwenye umeme wenye kikata-umeme cha usalama, maana maji na umeme havisameheani. Kwanza sugua ganda la nje kwenye diski au kwenye kinoo chenye maji mpaka uone sadafu ikichungulia. Ndipo uligawe gamba katika vipande vidogo, tuseme milimita 25 kwa 40, ukifuata mahali palipo bapa. Mtu akilazimisha kipande kikubwa kutoka gamba lililopinda, atakapolisawazisha atakuwa ametoboa katikati na bado pembeni hapajafika. Kama huna mashine, msumeno wa chuma wenye meno madogo kabisa na mtu wa kukudondoshea maji utafanya kazi hiyo hiyo, polepole.

Kisha unasawazisha unene. Gundisha msasa wa maji namba 120 juu ya kipande cha kioo kinene, bandika sadafu kwenye kibao kidogo kwa utepe wa gundi pande mbili, na usugue kwa mzunguko ukilowesha kila mara. Malizia kwa namba 220 na 400. Hapa ndipo yale matabaka yanapodai heshima yake: ukisugua sambamba nayo, uso mzima unawaka. Ukisugua kwa mshazari unayakata, na uso unaonyesha mistari kama ya mbao iliyopasuliwa vibaya. Geuza kipande kwenye mwanga kila baada ya dakika chache na usimame pale rangi inapokuwa nzuri, hata kama kalipa, kile kipimio cha unene, inakuambia bado kidogo.

Unene gani? Kwa kichwa cha gitaa na kuzunguka tundu la sauti, ambako ni bapa, milimita 1.3 inatosha. Kwenye shingo chukua 1.5 au zaidi, na sababu yake nitaieleza kwa hesabu kwa sababu iliwahi kunigharimu. Shingo ya gitaa la nyuzi za chuma kwa kawaida ina mviringo, tuseme wa nusu kipenyo cha milimita 305. Sadafu ni bapa. Ukiipachika kisha ukaisugua ifuate mviringo, kingo zake zinapungua kuliko katikati. Kiasi kinachopungua unakipata kwa kuzidisha upana wa kipande kwa upana huo huo, kisha kugawanya kwa mara nane ya nusu kipenyo. Alama ya milimita 20 inapoteza 0.16 tu. Pambo la milimita 40 linapoteza 0.66, yaani karibu nusu ya unene ule wa 1.3. Mimi nilipachika ua la upana huo bila kupiga hesabu, na nilipokuwa nasugua petali za pembeni ziligeuka karatasi, kisha zikatoweka mbele ya macho yangu. Mteja alikuwa anakuja kesho yake. Siku hizi pambo pana nalikata vipande viwili au vitatu, kila kimoja nikakipachika kwa kulala na mviringo wa mahali pake.

Kwa kukata umbo, nenda kwa masonara. Wao ndio wenye msumeno unaofaa, ule wa fremu ya chuma na uzi mwembamba wa meno. Omba nyuzi namba 3/0 na ununue nyingi, zitakatika. Funga uzi meno yakitazama chini, na uukaze mpaka ukiupiga kwa ukucha utoe mlio wa juu. Mezani kaza kibao kilichokatwa mpasuo wa umbo la V, sadafu ilale juu yake ili sehemu inayokatwa ishikwe pande zote mbili. Chora umbo kwenye karatasi na uibandike juu ya sadafu kwa gundi, lakini kabla hujabandika zungusha kipande mpaka upate upande ambao mwanga unawaka vizuri, na uweke mshale. Alama zote za shingo moja zitazame upande mmoja, la sivyo jukwaani tatu zitawaka na mbili zitalala.

Msumeno unakwenda juu na chini tu, wima, bila kusukuma. Kwenye kona usiugeuze msumeno, geuza gamba, huku msumeno ukiendelea kupanda na kushuka palepale. Paka uzi nta ya nyuki. Kata nje ya mstari kidogo, kisha ufike mstarini kwa tupa ndogo. Kwa sehemu ya ndani, kama tumbo la herufi, toboa kwanza kwa keekee nyembamba, ingiza uzi, ndipo uufunge kwenye fremu.

Kuchimba mahali pa kupachika utaona ni rahisi zaidi, wewe ni seremala. Bandika sadafu kwa tone la gundi mahali pake, ichore pembeni kwa sindano kali, ibandue, na usugue chaki juu ya mpingo ili mstari uonekane. Chimba kwa ruta ndogo, ncha ya milimita 1.6 kwa eneo na 0.8 kwa kona, na umalizie kwa patasi. Kina kiwe pungufu ya unene wa sadafu kwa kama milimita 0.2, ili ibaki imechomoza kidogo. Mpingo una mafuta, kwa hiyo ufute kwa spiriti kabla ya gundi. Changanya gundi ya epoksi na vumbi la mpingo ule ule, jaza shimo, bonyeza sadafu taratibu hewa itoke, na uiache usiku kucha. Ufa mdogo kati ya gamba na ubao utatoweka ndani ya weusi huo. Kwenye mbao nyeupe kuzunguka tundu la sauti, piga kwanza mkono mmoja wa sila, ile rangi ya kuziba vinyweleo vya ubao, ili gundi isinywewe ikaacha doa. Kisha sawazisha kwa kibao chenye mviringo wa shingo yako, 220 mpaka 600, ukiwa na subira kuliko unavyodhani inahitajika.

Ukitaka kuuza nje, weka kumbukumbu. Kwa kila gitaa andika gamba ni la nani kwa jina la kisayansi na lilitoka wapi. Anayeingiza Marekani bidhaa yenye sadafu kwa biashara hudaiwa tamko la mnyamapori, na bila jina hilo mzigo unaweza kukwama. Mpingo nao uko katika orodha ya pili ya CITES tangu Januari 2017, ingawa vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa kwenye sharti hilo mwaka 2019. Ubao mtupu haukuondolewa.

Kwa gitaa lako la kwanza usianze na ua wala jina. Kata viduara saba vya milimita 6 kutoka mabaki ya ukingoni, kimoja kimoja kwa freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya 3, 5, 7, 9 na 15, na viwili kwa ya 12. Ukivipachika vyote vikawaka pamoja gitaa likigeuzwa dirishani, nitumie picha, nami nitakuonyesha jinsi ninavyokata ua la vipande vitatu.